Tafuna Polepole, Baba

…na Lea, huyo ndiye wa kwanza, Lea Maria Mgongolwa, binti yake mkubwa, amesimama kwenye mlango wa jiko na jagi la maji ya kunawa mkononi ingawa baba yake amekwisha kunawa zamani, na wa pili ni Jackline, mtoto wa Lea, ambaye siku kama ya leo angekuwa chuoni na si hapa nyumbani Kihesa akijizungushia kanga kiunoni, na wa tatu ni Faustina Kihwele, mwenyekiti wa jumuiya, aliyeingia akisema napita tu, mzee wetu, nimeona nisalimie, kisha akavuta kiti akakaa na mkoba magotini kama mtu anayesubiri basi la mbali, na wa nne ni Jayantilal, Jayantilal Popat kwa ukamilifu, si Jayanti kama wanavyomkata watu wa sokoni, amekaa upande wa dirisha na funguo za gari zimelala mezani mbele yake, na wa tano ni yeye mwenyewe, Joachim Mgongolwa, kwa kuwa Happyness, mkwewe, alikwisha kumwonya kwamba mlaji naye huandikwa, usijisahau, Baba, wewe ndiye unayekula, basi mzee Joachim akaandika jina lake chini ya mengine kwenye daftari, safu ya Waliokuwepo, kwa mwandiko ule wa kulalia kulia waliofundishwa na mapadri Waitaliano kabla nchi haijapata bendera yake, akaweka nukta, akahamisha kalamu kwenye safu inayofuata, iliyoandikwa juu yake Chakula, akatazama sahani, akaandika wali, akaandika kuku, na hapo kalamu ikasimama.

Kuku… Alitazama kalenda ya kanisa ukutani, pale juu ya redio, ingawa hakuhitaji kalenda, asubuhi alisikia kengele, tena jana ilikuwa Alhamisi, alienda kunyoa, na kinyozi humnyoa Alhamisi, kwa hiyo leo ni Ijumaa, na Pasaka bado, majivu wamepakwa juzijuzi tu, na katika nyumba hii, tangu Lea alipokuwa mtoto wa kufungwa mgongoni, hakuna aliyewahi kuona nyama mezani Ijumaa ya Kwaresima, ni maharage, ni mboga ya maboga, ni dagaa kama wapo, na Lea ndiye mkali kuliko wote, Lea ambaye mwaka jana alimnyang'anya Jackline andazi lenye nyama ndani mbele ya wageni, akamwambia tumbo lako litakufa kwa siku moja tu wewe, na sasa Lea huyohuyo ameweka mbele ya baba yake kuku mzima wa kienyeji, amekatwa vipande vizuri, firigisi imewekwa juu kabisa kama inavyostahili baba mwenye nyumba, na anasema kwa sauti isiyo yake, "Baba, kula, kitapoa," na hajui. Hajui kwamba leo ni Ijumaa. Mtu gani husahau Ijumaa… "Nakula, mama, naandika kwanza," akajibu, na Jayantilal akasema, "Andika kidogo, kula kingi, Joachim. Chakula ya baridi haina maana," na akacheka kicheko kifupi kisichomfika machoni, na hakuna aliyecheka pamoja naye.

Njaa kabla ya kula, ndiyo safu ya tatu, kuanzia moja mpaka kumi, moja ni mtu aliyeshiba na kumi ni mtu anayetetemeka, na mzee Joachim aliandika nne, kwa sababu nne ndiyo ilikuwa kweli wakati anakaa, na sasa hakuwa na hakika tena. Mwanzoni alikataa daftari hili. Daktari alipomwambia ana sukari, aliitikia ndiyo daktari, akaenda moja kwa moja dukani kwa Jayantilal, wakala jalebi wakiwa wamesimama nyuma ya magunia, wazee wawili kama watoto wa shule, na Jayantilal akasema sukari ya jalebi si sukari, ni furaha, na wiki ile Happyness akapata habari, maana Lea hawezi kuficha kitu kwenye simu, na Krismasi ikafika, Happyness akaja kutoka Mbeya na mumewe Amos, akiwa na daftari lenye jalada la kijani, safu amezichora kwa rula. Happyness ni mke wa Amos, na Amos ndiye kitinda mimba wa mzee Joachim. Happyness ni afisa lishe huko Uyole, huwafundisha mama wajawazito na wazee wenye sukari namna ya kula, na wote humwita Happy, isipokuwa mzee Joachim, aliyemuuliza siku ya kwanza kabisa alipoletwa nyumbani, jina lako kamili nani, naye akajibu ameinamisha uso, Happyness, Baba, na hiyo y ni ya karani, kwenye cheti ndivyo ilivyo, na mzee akasema basi kama ndivyo kwenye cheti, ndivyo litakavyoitwa, na tangu siku ile akamwita jina lake lote. "Baba, hapa hatufungi mtu," alisema alipompa daftari. "Unaandika ulichokula, na nani, na moyo ulisemaje. Basi. Hakuna vyema, hakuna kosa." Na baada ya wiki mbili alipompigia na kumwomba amsomee, akamsikia akisoma, Jumanne, chai na vitumbua viwili, kosa, Jumatano, ulanzi wa mianzi bilauri moja kilabuni kwa Mgaya, kosa kubwa, akauliza, "Baba, hayo makosa umeyaandika kwa wino gani?" na yeye akajibu kwa ukweli kwamba ameyaandika kwa wino mwekundu, na Happyness akacheka mpaka akakohoa, "Nani kampa baba yangu kalamu nyekundu? Mama, nenda kaitupe hiyo kalamu!" na Tupokigwe mkewe akaitupa kweli, akaitupa kwenye shimo la taka, akarudi akipangusa mikono…

Tupokigwe. Saa hizi angekwisha kupiga. Ameenda Uyole mwanzo wa mwezi, kumngojea Happyness ajifungue, maana ni uzazi wa kwanza na mama yake Happyness hayupo duniani, na tangu aende, kila siku mchana hupiga, hajawahi kukosa, haulizi hujambo, huuliza, "Baba Lea, leo umekula nini?" na yeye humfungulia daftari na kumsomea, waliokuwepo, chakula, njaa, moyo, na Tupokigwe husikiliza kama anavyosikiliza masomo kanisani, halafu humtania, "Hata chumvi umeandika? Basi na mimi niandike, niko mbali lakini nakuona ukibeba kijiko cha tatu," na juzi alimwambia mchele huu wa Kyela utafika kwa basi, mfuko wa bluu, mpikie kidogo tu Lea, asikujazie… na huu ndio wali wenyewe, harufu yake ndiyo hii, na Lea amejaza. Lea anayempimia wali kwa kikombe cha chai, Lea anayesema ugali wa dona, Baba, dona, leo amemjazia sahani kama mvunaji. "Simu yangu iko wapi?" aliuliza, na hakuinua macho. "Inachaji, Babu," Jackline akasema upesi, upesi mno, na nyuma ya Jackline waya wa chaji ulikuwa umening'inia ukutani peke yake, ncha yake ikigeuka taratibu, bila simu.

Akachukua tonge. Akaliweka kinywani. Tafuna polepole, Baba, alisema Happyness, tafuna mpaka chakula kipoteze jina lake, na yeye hakulipenda neno hilo, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa majina, huko Uyole kwenye kituo cha utafiti, ndiye aliyeandika vibao vya maharage, kila tuta na kibao chake, kila mbegu na jina lake, na bwana shamba mmoja alipochanganya vibao viwili msimu mzima ulitupwa, kitu kisicho na jina hakiwezi kulimwa, alimwambia Happyness, wala kuliwa, na Happyness akasema haya, Baba, basi kitaje jina mara ya mwisho kabla hujakimeza. Wali. Chumvi. Nazi hapana, mafuta ya alizeti. Kuku, jogoo huyu, jogoo mwekundu wa Lea anayewika mapema, leo alfajiri hakuwika… Na Jayantilal bado amekaa. Hilo ndilo lilikuwa likimsumbua tangu mwanzo, hakulijua jina lake, sasa amelijua. Tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi, nyama ikiletwa mezani Jayantilal huinuka, haombi radhi wala hakunji uso, huchukua kikombe chake cha chai na kutoka barazani, akatazama mtaa mpaka sahani zitolewe, ndivyo alivyolelewa, kwao hawali kitu chenye damu na hawakai kinapoliwa, na mzee Joachim hajawahi kumtania kwa hilo, na leo kuku anatoa mvuke chini ya pua ya Jayantilal, na Jayantilal amekaa, amekunja mikono, anatazama funguo zake za gari. Gari la kwenda wapi. "Unaenda mahali, Jayantilal?" "Mimi? Hapana. Pengine. Wewe kula."

Wanamtazama akila. Hakuna hata mmoja mwenye sahani. Lea, Jackline, Faustina, Jayantilal, kila mmoja hutazama mkono wake ukienda sahanini na kurudi, na mtu yeyote wa nchi hii, awe Mhehe awe Mnyakyusa awe Mbena, anajua maana ya chakula kizuri kwa mtu mmoja na wengine wanatazama, anajua tangu utotoni kwamba mfiwa haambiwi msiba akiwa na njaa, kwa sababu akiambiwa hatakula tena, atalala njaa leo na kesho, safari ni ndefu na kilio kinataka nguvu, basi mpeni maji, mpeni chakula, ngojeni anawe mikono, ndipo mmoja wenu aseme, na asiseme aliyelia… Alijua. Alijua kwa kuwa kazi hiyo aliifanya yeye mwenyewe zamani, walimpa kwa sababu hana maneno mengi na uso wake hausemi kitu, na alimkumbuka Crispin, Crispin Luvanda, aliyekuwa naye chumba kimoja Uyole, siku ile mtoto wa Crispin alipozama kwenye bwawa huko kwao na taarifa ikaja kwa simu ya ofisi, mkuu wa kituo akamwita Joachim, akasema nenda wewe, na alienda, akamkuta Crispin anapakua ugali na maharage, akamwambia kula kwanza, na Crispin akala, tena siku hiyo alikuwa na furaha, alikuwa anasimulia habari za mganga wa ng'ombe aliyekanyagwa na ng'ombe, alicheka mpaka maharage yakamtoka kinywani, na Joachim alikaa ng'ambo ya meza mikono imekunjwa, kama alivyokaa Jayantilal sasa, akitazama kila tonge likishuka, na miaka mingi baadaye, walipokutana sokoni Mwanjelwa, wazee tayari, wakanunua parachichi, Crispin akasema bila hasira, kama mtu anayetaja bei, "Joachim, kile chakula bado kiko tumboni mwangu," kisha wakaendelea na habari za parachichi.

Basi amekufa mtu. Hapo. Limesemwa, ingawa ndani tu, na akalitafuna tonge, polepole, Baba, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu apewe daftari akaona faida ya mwendo huu, maana sahani bado imejaa, na mradi sahani imejaa na hajanawa mikono hakuna mtu katika chumba hiki anayeruhusiwa kufungua kinywa, na mradi hawajafungua kinywa yule mtu bado hajafa, bado yuko huko alipo, anafunga kiatu, anachota maji, anauliza bei, kila tonge ni pumzi anayompa… "Kuku mtamu?" Faustina akauliza. "Mtamu." "Lea ana mkono, jamani. Mimi wangu huwa mgumu kama ndala." Na Jackline akatoa sauti ndogo, nusu kicheko, ikakatika katikati, akageukia dirisha, na mzee Joachim akaona kwamba nyuma ya mlango msumari uko mtupu, koti lake zito halipo, koti la kusafiria, lile la baridi ya Mbeya, na kwenye kona, chini ya kiti cha Jackline, mkoba wake mwenyewe umefungwa zipu na umefura. Mbeya, basi. Si kaka yake huku Ifunda, si shemeji, kwa Ifunda hakuna haja ya koti. Mbeya ana watu watatu. Amos. Tupokigwe. Na…

Amos anaendesha lori la mizigo, Tunduma na Dar es Salaam, Dar es Salaam na Tunduma, juzi alipiga kutoka Makambako, kuna ukungu, Baba, nalala hapa, na tangu Amos ashike usukani wa lori mzee Joachim hawezi kusikia breki zikilia barabarani bila kuhesabu vidole vyake kama mtu anayetaka kujua vyote vipo, na lori la Amos ni lile, la bluu, limeandikwa mbele Ndaga, neno la shukrani la mama yake… Amos ni kitinda mimba, alizaliwa Tupokigwe amekwisha kukata tamaa. Asiwe Amos. Na Tupokigwe ana presha, dawa anazisahau, anajisifu kwamba anazisahau, na pale Uyole pana kilima kutoka barabarani mpaka nyumbani kwa Amos, na asingeacha kubeba ndoo hata ukimfunga kamba, na hajapiga, mchana umepita na hajapiga, na nani atakayeuliza leo umekula nini, daftari hili lote la kijani limeandikwa ili lisomwe kwenye sikio moja tu, hata Happyness hajui hilo… Alimwona Tupokigwe kama alivyomwona mara ya kwanza, kijana wa Tukuyu amesimama kwenye tuta la maharage na kibao mkononi, akimwambia bwana, hapa umeandika uongo, haya si maharage uliyoyataja, na ilikuwa kweli, hayakuwa yale. Asiwe Tupokigwe. Mungu wangu, kama lazima awe mmoja, na naona ni lazima, wamekwisha kuchinja, asiwe Amos, na asiwe Tupokigwe, usinifanyie hivyo, asiwe Amos na asiwe Tupokigwe…

Na katika watatu ukiondoa wawili, anabaki mmoja. Hakumtaja jina. Yeye ambaye kila jina hulitaja lote, ambaye humsahihisha padri altareni akikosea jina la marehemu, alifika kwenye jina la tatu akalipita, kama mtu apitaye nyumba ambayo anadaiwa salamu, akainua firigisi akaitia kinywani ili pasiwe na nafasi ya neno. Akatafuna. Ikamjia jinsi alivyokaa siku ile ya pili ya Krismasi, kwenye kigoda cha chini, ubavuni, uso ameugeuza kidogo, kwa kuwa kwao Unyakyusa mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni wala hali mbele yake, bibi zake walikuwa wakitupa mtungi na kukimbilia migombani wakisikia kikohozi cha baba mkwe njiani, naye msomi, afisa, mwenye ofisi na kompyuta, hata hivyo aligeuza uso, na Tupokigwe akamwambia, "We Happy, hapa ni Uheheni, mwangalie tu, hang'ati," na Lea akasema, "Anang'ata jalebi," na nyumba nzima ikacheka, na yeye Joachim mwenyewe akacheka, jambo la nadra. Kisha yule mtoto akachukua hindi la kuchoma, akalivunja vipande viwili, akampa kimoja kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza akala mbele yake, taratibu, tumbo limekwisha kuonekana chini ya kanga, "Hili somo halifundishwi kwa mdomo, Baba. Tutafune pamoja," na wakatafuna, punje kwa punje, bila kuzungumza, mpaka yeye akasikia utamu wa hindi ambao hakuwa ameusikia tangu utoto, na jioni ile kwenye safu ya waliokuwepo aliandika jina lake lote, jina na jina la baba na jina la ukoo, na akasahau kuandika mengine, ingawa nyumba ilikuwa imejaa watu.

Huyo ndiye Joachim aliyemtoa sadaka. Hakumtoa kwa mkono, ni kweli, hakuna aliyesikia, uso wake hausemi kitu, na waliokaa hapa wanaona mzee anakula kuku. Lakini alisimama mbele ya watatu akachagua, kama mtu anayechambua mbegu, hii ipande, hii ipande, hii… Safu ya nne inauliza moyo unasemaje, na chini yake, kwa herufi ndogo, yule aliyeichora aliandika, usijihukumu. Akashika kalamu. Akaona Lea ameruka kidogo alipoishika. Aandike nini, moyo umechagua, moyo umeomba, na baada ya hapo neno moja tu ndilo linalostahili, neno kosa, kwa wino ambao Tupokigwe aliutupa shimoni, na kama angekuwa na kalamu nyekundu sasa hivi angeliandika mpaka karatasi itoboke, kwa maana vitumbua viwili si kosa, hilo amelikubali, jalebi si kosa, ulanzi kwa Mgaya si kosa, yule mtoto alikuwa na haki, miaka mingi amejichapa viboko vya mapadri kwa ajili ya vitumbua, na jambo lenyewe hasa la kuchapwa lilikuwa linamngojea hapa, kwenye sahani ya wali, na hakuna wa kumchapa. Hakuna kosa, Baba. Andika tu. Na je, kwa hili ungesema hivyohivyo? Angetaka kumuuliza. Angetaka kumuuliza yeye, si mwingine, na hapo akatambua kwamba anamuuliza kama mtu asiyeweza tena kujibu… Safu akaiacha wazi. Akalirudisha jina la tatu, kwa haraka, kama anayerudisha kitu alichokichukua dukani, naye pia asiwe, Bwana, nimekosea, naye asiwe, nilisema wawili nilitaka kusema watatu, kama ni lazima mtu, mimi nipo, nina sukari, nimekula nyama Ijumaa… na alijua kwamba ombi limechelewa, kwamba jogoo amechinjwa alfajiri, kabla yeye hajaamka, kabla hajachagua, na kwamba hilo halimpunguzii kitu.

"Ongeza mchuzi, Baba," Lea akasema. Akamtazama. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu akae mezani, na hakutazama jagi wala kanga, alitazama uso, akaona binti yake ana macho mekundu yaliyojaa kama ya mtu aliyekata vitunguu vya arusi nzima, na kidevu kinacheza, na jagi limeelekea upande na maji yanadondoka kwenye ndala zake, naye hayahisi, na akaelewa jambo jingine, kwamba hawa watu hawajalia. Wamechinja, wamepika, wamepanga mkoba, wamemfichia simu, wamemwita mwenyekiti na rafiki mwenye gari, na hawajalia hata mmoja, kwa sababu yake, wanangoja amalize, na kila tonge alilolitafuna mpaka likapoteza jina lake, akidhani anampa mtu pumzi, alikuwa anamkaba Lea. Crispin alikula upesi, hakujua. Yeye anajua, na anakula polepole. Basi akaacha. Akafanya ambalo daftari linakataza, akala kama alivyokuwa akila shuleni kabla kengele haijalia, tonge juu ya tonge, bila kutafuna, wali, kuku, mchuzi, vikashuka kama mawe kwenye gunia, na Jayantilal akasema kwa upole, "Taratibu, bana, taratibu, hakuna mtu anakufukuza," na sauti yake ikavunjika kwenye neno la mwisho, na Faustina akafungua mkoba akashika rozari bila kuitoa, na Jackline akaweka viganja viwili mdomoni, na sahani ikabaki na mifupa, na firigisi imekwisha, na mchele wa Kyela umekwisha, punje moja tu imebaki ukingoni, akaichukua kwa kidole, akaila.

Safu ya mwisho inauliza, Baada ya kula. Akalifunga daftari, kalamu ndani. Meza ni ileile, dirisha lilelile, nje mtu anapiga kelele za ndizi, kumi kwa buku, kumi kwa buku, waliokuwepo bado wapo, kila mmoja kwenye kiti chake, kama alivyowaandika. Akanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni. Lea akasogea, akamimina, maji yalikuwa ya vuguvugu, aliyapasha moto, hata hilo alilikumbuka, yakapita kwenye vidole vya mzee yakachukua mafuta ya kuku yakaanguka, na mzee Joachim akasema, "Sema, mama. Nimeshiba," na Lea akaweka jagi chini, na kwa kuwa alimjua baba yake, akalitaja jina lote.

"Baba, Happyness Ambakisye Mwakalonge amefariki leo alfajiri."